Nawajua samaki, lakini mtihani unaniangusha

Mwalimu, salaam. Natumai u mzima.

Mimi ni binti wa Busia, upande wa Uganda. Baba alikuwa mvuvi Majanji, mama bado anauza mukene (dagaa) na mputa (sangara) sokoni, na hela za samaki ndizo zilizonisomesha mpaka nikapata shahada ya biashara. Sasa natafuta kazi. Nimeomba serikalini na kwenye kampuni binafsi, na kila nikikaribia nakwama pale pale, kwenye mtihani wa kupima uwezo wa kufikiri. Hesabu naziweza. Yale maumbo ya kutafuta mfuatano nayaweza. Kinachoniangusha ni vile vifungu vifupi vya mistari minne mitano, vinavyofuatwa na kauli ambazo unatakiwa useme kama ni Kweli, Si kweli, au Haiwezi kujulikana.

Mtihani wa mwisho, niliofanya katika ofisi moja Kampala, ulikuwa na kifungu kuhusu samaki. Nilifurahi sana, nikasema leo wameniletea mambo ya nyumbani. Karatasi ilikuwa ya Kiingereza, ila maneno yake yalikuwa haya: "Mwezi Julai boti za doria ziliongezwa ziwani ili kuzuia uvuvi haramu. Mwezi huo huo bei ya sangara ilipanda katika masoko ya mjini." Kauli ikawa: "Doria zilisababisha bei ya sangara kupanda." Nikajibu Kweli bila kusita. Mwalimu, mwaka 2017 doria zilipozidi ziwani mimi nilikuwepo. Niliona mitumbwi imelala ufukweni, niliona mama akirudi na beseni nusu kwa hela ile ile. Baadaye rafiki yangu, ambaye tulifanya pamoja na yeye akapita, akaniambia jibu ni Haiwezi kujulikana. Nilikasirika. Mtu ambaye hajakanyaga mwaloni, pale wavuvi wanaposhushia samaki, ananiambia mimi kwamba haijulikani?

Kuna nyingine mbili zinazonikera. Kifungu kilisema: "Hakuna mwombaji atakayeitwa kwenye usaili bila barua ya mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) wa anakoishi." Kauli: "Mwombaji mwenye barua ya LC1 ataitwa kwenye usaili." Nikasema Kweli, nikakosa. Na hii: "Baadhi ya wafanyabiashara wa mpakani wanazungumza Kiswahili." Kauli: "Wapo wafanyabiashara wa mpakani wasiozungumza Kiswahili." Kweli tena, nikakosa tena. Kama wote wangekuwa wanazungumza, si wangesema wote?

Kinachonichanganya zaidi ni kwamba kampuni nyingine ilinipa mtihani wenye majibu matano, yakiwemo "Huenda ni kweli" na "Huenda si kweli", na huko nilifanya vizuri. Kichwa kilikuwa kile kile.

Rafiki yangu ananishauri nikiona shaka yoyote niweke Haiwezi kujulikana. Mjomba anasema mitihani hii imetengenezwa kwa ajili ya watoto wa shule za ada kubwa za Kampala, nisijisumbue. Mama anasema nirudi sokoni, meza yangu ipo. Naomba uniambie ukweli: kuna njia ya kuijua mitihani hii, au akili yangu haikuumbwa hivyo?

Binti wa Mwaloni, Busia

MWALIMU ANAJIBU

Binti wa Mwaloni, salaam sana. Mpe mama heshima zangu.

Nianze na samaki, maana hasira yako iko hapo. Kuhusu ziwa, huna kosa. Mwaka 2017 jeshi lilipewa kazi ya kulinda uvuvi katika Ziwa Victoria, na mtu aliyekulia Majanji hahitaji karatasi ya mtu mwingine imweleze kilichotokea kwenye beseni la mama yake. Lakini mtihani haukukuuliza kilichotokea ziwani. Ulikuuliza kama zile sentensi mbili, zikisimama peke yake, zinailazimisha ile ya tatu. Hayo ni maswali mawili tofauti, na wewe ulilijibu vizuri lile ambalo halikuulizwa.

Hebu zirudie. Ya kwanza inasema boti ziliongezwa Julai. Ya pili inasema bei ilipanda Julai. Basi. Hakuna neno linaloziunganisha isipokuwa mwezi. Sasa wewe unayeijua biashara hii niambie, bei ya mputa inaweza kupanda kwa sababu gani nyingine? Mafuta ya injini yakipanda, inapanda. Viwanda vya minofu vikituma mawakala kugombania mzigo, inapanda. Barafu ikiadimika, barabara ikikatika kwa mvua, upepo ukichafuka wavuvi wakashindwa kutoka, inapanda. Lolote kati ya hayo lingeweza kutokea Julai hiyo hiyo, doria zikawepo na zisiwe chanzo. Kifungu hakikuzuia hata moja.

Swali la kujiuliza kwenye kila kauli ni hili: naweza kuwaza hali ambayo kila neno la kifungu ni kweli, na bado kauli hii ikawa ya uongo? Ukiweza, basi jibu haliwezi kuwa Kweli, hata kama moyo unaipenda kauli hiyo. Kisha ligeuze: naweza kuwaza hali ambayo kifungu ni kweli na kauli nayo ni kweli? Ukishindwa kabisa, basi jibu ni Si kweli, kwa maana kifungu chenyewe kinaikataa. Ukiweza kuwaza hali zote mbili, ndipo unapoandika Haiwezi kujulikana. Mitihani yote ya majibu matatu inazunguka hapo.

Ni kama hakimu ambaye njiani kwenda mahakamani alimwona mshtakiwa akikimbia na mbuzi. Akishakaa kwenye kiti, anahukumu kwa ushahidi uliowekwa mbele yake, na kama upande wa mashtaka umesahau kuleta ushahidi wa mbuzi, alichokiona njiani hakijazi pengo hilo.

Umeandika kana kwamba ujuzi wako wa mwaloni ndio unaokuangusha. Mimi naona umeuelekeza tu upande usiofaa. Uliutumia kuithibitisha kauli, wakati kazi yake hapa ni kujaribu kuivunja. Rafiki yako aliyepita pengine alipata jibu kwa kuona tu kwamba kifungu hakisemi kitu kuhusu chanzo. Wewe ungeweza kulipata kwa sababu tano za kweli za bei kupanda, ambazo yeye hazijui. Mtu anayeijua biashara, akishazoea kutafuta hali inayoivunja kauli, anazipata haraka kuliko asiyeijua.

Wala usidhani tatizo hili ni la watu wa mwaloni tu. Mwaka 1983 watafiti watatu wa Uingereza, Evans, Barston na Pollard, waliwapa watu hoja fupi za kupima. Waliona kwamba hitimisho likiwa ni jambo ambalo watu tayari wanaliamini, wengi wanalikubali hata kama halitokani na maelezo yaliyotangulia. Huo ndio mtego wa kauli yako ya doria. Watunzi wa mitihani wanaujua vizuri na wanauweka kwa makusudi, kwa hiyo kauli ikikupendeza sana kabla hujarudi kuangalia kifungu, ishuku.

Sasa twende kwenye barua ya LC1, na hapa naomba utulie, kwa sababu kosa la aina hii linarudi kwenye karatasi nyingi.

Kifungu kinasema hakuna atakayeitwa bila barua. Maana yake barua ni sharti. Hakikusema barua inatosha. Mwombaji anaweza kuwa na barua yenye muhuri na sahihi safi, akaachwa kwa kukosa shahada, au kwa kuchelewa kuleta fomu, au kwa sababu waombaji walikuwa wengi. Hiyo ndiyo hali inayoivunja kauli yako. Kutoka kwenye sharti lile kuna mambo mawili tu unayoweza kuyasema kwa uhakika: aliyeitwa alikuwa na barua, na asiye na barua hataitwa. Mengine mawili yanayofanana nayo sana, kwamba mwenye barua ataitwa, na kwamba asiyeitwa hakuwa na barua, hayatoki popote. Yaandike yote manne kwenye daftari lako uyatazame mpaka tofauti ikae kichwani.

Mwanasaikolojia Peter Wason wa University College London alibuni fumbo la kadi juu ya jambo hili, nalo lilichapishwa mwaka 1966. Kadi nne ziko mezani, kila moja ina herufi upande mmoja na namba upande wa pili. Unaona A, D, 4 na 7. Kanuni inasema: kadi ikiwa na irabu upande mmoja, upande wa pili ina namba shufwa. Ugeuze kadi zipi tu ili ujue kama kanuni imevunjwa? Simama kidogo uchague kabla hujaendelea.

Wengi huchagua A na 4, au A peke yake. Jibu ni A na 7. Kadi ya 4 haina shida: nyuma yake kukiwa na irabu ni sawa, kukiwa na konsonanti pia ni sawa, maana kanuni haikusema namba shufwa ni za irabu tu. Ila 7 ikiwa na irabu nyuma yake, kanuni imekufa. Waliochagua 4 walifanya ulichofanya wewe na barua ya LC1: waliisoma kanuni kinyumenyume wakadhani ni ile ile.

Kuna sehemu ya pili ya habari hii ambayo naipenda zaidi. Mwaka 1982 Griggs na Cox, huko Florida, Marekani, waliivalisha kanuni ile ile nguo nyingine: anayekunywa bia lazima awe ametimiza umri wa kisheria. Watu wengi waliopewa fumbo hilo walilipata. Jaribu kwa sheria yetu ya miaka 18. Umeingia baa pale Busia. Mmoja anakunywa bia, mmoja anakunywa soda, mmoja unajua ana miaka 30, mmoja unajua ana miaka 16. Unamkagua nani? Mnywa bia, uone umri wake, na wa miaka 16, uone glasi yake. Wa miaka 30 unamwacha anywe anachotaka. Hukuhitaji hata kuwaza. Kwa hiyo ukikutana na kanuni kavu ya "ikiwa hivi basi vile" inayokusumbua, ivalishe jambo la mpakani unalolijua, pata jibu, kisha rudi kwenye karatasi. Hapo tena ujuzi wako unafanya kazi.

Kuhusu "baadhi", nakuelewa, na katika mazungumzo uko sahihi kabisa. Mama akikwambia baadhi ya samaki wameoza, unajua wapo wazima, kwa sababu kama wameoza wote angesema wote. Lakini aliyeandika kifungu huenda alikutana na wafanyabiashara kumi tu, wote wakazungumza Kiswahili, na kuhusu waliobaki hana habari. Akiandika "baadhi wanazungumza" hajasema uongo. Katika mitihani hii "baadhi" maana yake ni angalau mmoja, na haizuii kuwa ni wote. Lipokee kama sheria ya mchezo, usibishane nalo. "Wengi" nayo isome hivyo hivyo: haikupi ruhusa ya kuwasemea waliobaki.

Hukuniuliza kuhusu mafungu kama nusu na theluthi, ila nitakuongezea kwa sababu mtu wa biashara hunaswa hapo. Chukua kifungu hiki nilichokitunga: "Mwaka jana nusu ya malori yaliyovuka katika kituo fulani yalibeba mahindi. Mwaka huu ni theluthi." Kauli: "Malori ya mahindi yamepungua." Jicho linaona nusu imeshuka hadi theluthi na mkono unaandika Kweli. Lakini hujaambiwa malori yote yalikuwa mangapi. Yakiwa 100 mwaka jana, nusu ni 50. Yakiwa 180 mwaka huu, theluthi ni 60. Mahindi yameongezeka na bado kifungu ni kweli. Yakiwa 100 miaka yote miwili, yamepungua. Hali zote mbili zinawezekana, na jibu unalijua.

Sasa ule mtihani wa majibu matano, uliokuchanganya. Hukubadilika kichwa, karatasi ndiyo iliyokuwa ya aina nyingine. Mtihani unaojulikana zaidi wa namna hiyo ni ule wa Wamarekani wawili, Goodwin Watson na Edward Glaser, ambao hata makampuni ya mawakili ya Uingereza huutumia kuchuja waombaji. Sehemu yake ya kwanza inakupa maelezo na kauli, nawe unachagua kati ya Kweli, Huenda ni kweli, Taarifa hazitoshi, Huenda si kweli, na Si kweli. Maelekezo yake yanaruhusu kutumia yale ambayo karibu kila mtu anayajua, ili kupima kama jambo lina uwezekano mkubwa au mdogo. Huko kauli yako ya doria ingeweza kuwa Huenda ni kweli: doria zimeongezwa, wavuvi haramu wamebanwa, samaki wanaofika sokoni wamepungua, bei imepanda. Ni mtiririko ambao mtu yeyote wa kawaida anaukubali, ingawa haujathibitishwa. Kauli moja inapata majibu mawili tofauti kwa sababu imeulizwa kwa sheria mbili tofauti. Ulifanya vizuri huko kwa kuwa sheria ile inaendana na namna unavyofikiri kila siku.

Ila usibweteke nayo. Inayoruhusiwa ni elimu ya watu wote. Ulichokiona wewe peke yako Majanji hakimo. Na ndani ya mtihani huo huo kuna sehemu nyingine inayokuuliza kama hitimisho linafuata au halifuati, ambayo haitaki "huenda" hata kidogo. Toleo lake la tatu lina maswali 40 kwa dakika 30, kwa hiyo ukiruka maelekezo ya kila sehemu ili kuokoa sekunde, utapoteza maksi. Soma maelekezo. Nimewaona vijana wenye akili kali wakianguka kwa kuyaruka.

Mbinu ya rafiki yako siipendi, na nakuomba uiache. Haiwezi kujulikana ni jibu kamili linalotaka kuthibitishwa kama mengine. Watunzi wanajua kuna watu wanaolikimbilia, na wanawawekea kauli ambazo kifungu hakikuzitamka waziwazi lakini kimezilazimisha. Tazama kifungu hiki, nacho nimekitunga: "Kiwanda hiki hununua samaki katika mialo miwili tu, Majanji na Masese. Mwezi Agosti hakikununua chochote Masese." Kauli ya kwanza: "Samaki wowote ambao kiwanda kilinunua Agosti walinunuliwa Majanji." Kifungu hakikusema hivyo mahali popote, na mwenye shaka ataandika Haiwezi kujulikana. Lakini jaribu kuwaza samaki wa Agosti aliyenunuliwa kwingine bila kuvunja lile neno "tu". Huwezi. Jibu ni Kweli. Kauli ya pili: "Mwezi Agosti kiwanda kilinunua sehemu ya samaki wake katika mwalo wa tatu." Si kweli, neno "tu" limeifunga. Kauli ya tatu: "Agosti kiwanda kilinunua samaki wachache kuliko Julai." Hapa huna habari. Pengine Majanji pekee ilijaza maghala, pengine hapakununuliwa hata samaki mmoja. Haiwezi kujulikana. Kifungu ni kimoja, majibu ni matatu, na kazi kubwa imefanywa na neno la herufi mbili.

Ndiyo maana nakwambia kalamu yako iwe inapiga mstari chini ya maneno madogo: wote, baadhi, tu, angalau, kabla, isipokuwa, huenda. Maneno makubwa kama "uchumi" na "usalama" hayana shida, kila mtu anayaona.

Mjomba wako ana ukweli kidogo, na sitaki umdharau. Aliyekulia kwenye shule ambazo karatasi hizi ni kawaida anaanza mbele yako. Lakini "akili haikuumbwa hivyo" ni jambo jingine. Mwaka 1931 na 1932 mwanasaikolojia wa Kisovieti Alexander Luria alikwenda vijijini Uzbekistan, akawaambia wakulima ambao hawakusoma: Kaskazini ya mbali, kwenye theluji, dubu wote ni weupe. Novaya Zemlya iko Kaskazini ya mbali. Dubu wa huko ni wa rangi gani? Baadhi walimjibu kwamba hawajafika huko, na wao husema tu walichokiona kwa macho, kwa hiyo amuulize aliyefika. Mimi naliheshimu jibu hilo. Ni la mtu makini asiyetaka kusema asichokijua. Lakini waliokuwa wamepata masomo kidogo tu walilijibu fumbo bila shida, nao walikuwa watu wa nchi ile ile. Walichozidiana ni mazoea ya kukubali maneno ya mwingine kwa muda na kuona yanaelekea wapi. Mazoea hayo hupatikana, na wewe mwenye shahada umeshayapata zaidi ya nusu.

Na mitihani hii haikwepeki kirahisi. Tume ya Utumishi wa Umma huwapima waombaji wa kazi kwa mitihani ya uwezo, na Chuo Kikuu cha Makerere kimewahi kuwapima kwa mtihani wa kujiunga wanaotaka kusoma sheria. Aliyekwambia usijisumbue anakufungia milango mingi kwa mpigo.

Kwa mazoezi, acha kununua vitabu vya majibu vinavyouzwa barabarani, vingi vina majibu yasiyo na maelezo. Chukua New Vision au Daily Monitor, tafuta habari fupi, kata aya moja. Kisha wewe mwenyewe tunga kauli tatu: moja ambayo aya inailazimisha, moja ambayo aya inaikataa, na moja inayovutia lakini aya haiigusi. Hiyo ya tatu ndiyo yenye faida. Ukishaitunga mitego mwenyewe kwa muda, utaanza kuiona kwa wengine. Fanya kwa Kiingereza kwa kuwa karatasi ni ya Kiingereza, na ukikwama jieleze kifungu kwa Kiswahili kimoyomoyo ndipo urudi.

Muda ni mgumu, sikufichi. Mara nyingi unapata chini ya dakika moja kwa kauli. Soma kifungu mara moja kwa utulivu kabla ya kugusa kauli yoyote, na kauli inayokugomea weka jibu ulilonalo, itie alama, endelea. Kabla ya hapo hakikisha umesoma kama wanakata maksi kwa jibu la kukosea. Kama hawakati, usiache nafasi tupu.

Kuhusu mama na meza ya sokoni, hilo si swali la mtihani na sitalijibu kama mtihani. Biashara ya samaki imekusomesha, hakuna aibu kuirudia. Lakini usirudi kwa sababu ya vifungu vya mistari minne. Ukirudi, iwe ni kwa kuwa umeichagua.

Nakuachia kimoja cha kuanzia: "Kahawa ya Arabika nchini Uganda hulimwa kwenye miteremko ya Mlima Elgon mashariki, Milima ya Rwenzori magharibi, na nyanda za juu za West Nile. Sehemu kubwa ya kahawa ya nchi ni robusta." Kauli ni nne. Arabika hulimwa katika zaidi ya eneo moja la nchi. Arabika yote ya Uganda hutoka mashariki. Robusta hailimwi Elgon. Arabika ni chini ya nusu ya kahawa ya Uganda. Hiyo ya mwisho itazame vizuri, na uangalie kama kifungu kimesema kuna aina ngapi za kahawa, na kama hilo linabadilisha jibu.

Niandikie majibu yako. Kwa kila Kweli na kila Si kweli, nionyeshe maneno ya kifungu yaliyokulazimisha. Kwa kila Haiwezi kujulikana, niandikie hali mbili: moja ambayo kauli ni kweli, na moja ambayo ni uongo.